Nagasaki: Mji Ulioishi Zaidi ya Miaka 200 bila Padre



Ukipanda Noah kutoka Njombe kuja huku Tandala, mara nyingi utaona karibu na mlango au kwenye kioo maandishi ya Kijapani ambayo hakuna abiria anayeyasoma. Gari limemaliza kazi yake kule, limevuka bahari, na sasa linapandisha milima ya Ukinga likiwa limejaa watu na magunia ya viazi. Kwa wengi wetu Japani ni hiyo: magari, na labda picha za Tokyo usiku, maghorofa, taa, na treni zilizobana watu waliovaa suti. Mseminari mmoja alituuliza kama kule kuna Wakatoliki. Wapo, lakini ni wachache mno. Hawafiki hata mmoja katika kila watu mia.

Hata hivyo, kati ya miji mikubwa ya nchi ile, upo mmoja ambao tumeona inafaa tuueleze kwa kirefu, nao ni Nagasaki. Unatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, waseminari wanne waliotoka upande ule waliwahi kukaa miezi zaidi ya sita katika pwani ya Waswahili, wakisubiri upepo. Pili, Wakristo wa mji ule waliishi vizazi na vizazi katika hali ambayo mtu wa kigangoni ataielewa upesi.

Mji uliozaliwa na meli

Nagasaki iko katika kisiwa cha Kyushu, kusini-magharibi mwa Japani, mwishoni mwa ghuba ndefu iliyozungukwa na vilima. Hadi katikati ya karne ya 16 palikuwa kijiji cha wavuvi tu. Mwaka 1549 Mtakatifu Fransisko Ksaveri alishuka Kagoshima, katika kisiwa hichohicho, akaanza kuhubiri. Mwaka 1571 mtawala wa eneo la Nagasaki, Omura Sumitada, ambaye alikuwa amebatizwa mwaka 1563, aliwafungulia Wareno bandari pale. Tunaoijua Makambako tunaweza kuelewa kilichofuata. Makambako imekua kwa sababu barabara zinakutana pale na reli ya TAZARA inapita. Nagasaki ilikua kwa sababu meli ya Wareno ilitia nanga pale, ikileta hariri ya China na kuondoka na fedha ya Japani. Mitaa ikachipuka, watu waliofukuzwa kwao kwa ajili ya imani wakahamia, na makanisa yakajengwa. Mwaka 1580 mtawala yule aliukabidhi mji mikononi mwa Wajesuiti.

Hapo tusimung'unye maneno. Mapadre walijikuta wenye mji na washirika katika biashara ya hariri, na maadui zao hawakulisahau hilo. Meli zilezile zilizoleta misalaba na vitabu zilibeba pia binadamu waliouzwa, Wajapani na Waafrika. Mwafrika mmoja tunalijua jina lake, Yasuke. Aliingia Japani mwaka 1579 akimtumikia Padre Alessandro Valignano, mwangalizi wa misioni za Wajesuiti katika Asia ya Mashariki, na mwandishi mmoja Mjesuiti wa karne ya 17 anasema alitoka Msumbiji. Mwaka 1581 watu wa Kyoto walisongamana kumwona. Mtawala Oda Nobunaga hakuamini kwamba ngozi ile ni yake, akaamuru asuguliwe kwa maji. Alipoona haitoki, akampenda na kumweka katika nyumba yake kama askari wa karibu.

Padre Valignano ndiye aliyeanzisha seminari ya Arima, si mbali na Nagasaki, mwaka 1580. Vijana walisoma Kilatini, wakasoma pia lugha yao wenyewe kwa kina, na wakajifunza muziki. Kutoka seminari hiyo aliwachagua wanne, wenye umri wa miaka kama 13 au 14: Mancio Ito, Miguel Chijiwa, Julian Nakaura na Martinho Hara. Februari 1582 walipanda meli Nagasaki kwenda Roma, kwa jina la watawala watatu Wakristo wa Kyushu. Machi 1585 walipokewa na Papa Gregori XIII. Wiki chache baadaye Papa huyo alifariki, na vijana wakawepo Roma Papa Sisto V alipovikwa taji. Umri wao ulikuwa wa mseminari wa kidato cha tatu au cha nne.

Miezi zaidi ya sita pwani ya Waswahili

Waliondoka Lisbon Aprili 1586. Meli iliyotoka Ureno kwenda India ililazimika kuzunguka rasi ya kusini mwa Afrika na kufika Msumbiji mapema, kabla pepo za kusi hazijakatika. Wao walichelewa. Kusi ilikuwa inaishia, na nahodha hakuwa na la kufanya ila kukaa hadi mwaka ufuatao.

Kisiwa cha Msumbiji ni kipande chembamba cha matumbawe chenye urefu wa kilomita kama 3, kisicho na chemchemi ya maji matamu. Watu wake walitegemea maji ya mvua na yale yaliyoletwa kutoka bara. Kabla ya Wareno palikuwa mji wa Waislamu wa pwani, watu wa majahazi waliofanya biashara na Kilwa na kwingineko, na mapokeo yanasema jina lenyewe linatokana na shehe wao, Musa bin Mbiki. Vijana wetu walipofika, Wareno walikuwa wameshajenga ngome ya Mtakatifu Sebastiani na kikanisa kidogo cha Bikira Maria kwenye ncha ya kisiwa, kilichojengwa mwaka 1522 na ambacho kipo hadi leo. Homa iliwaua mabaharia wengi pale. Wajapani wanne waliovalishwa hariri mbele ya Papa sasa walikaa kwenye joto la Msumbiji, wakisikia adhana upande mmoja na kengele upande wa pili, mpaka Machi 1587.

Kuna jambo hapa ambalo lilitugusa tulipolisoma. Fransisko Ksaveri mwenyewe, miaka 45 kabla yao, alikwama kisiwa hichohicho kwa sababu hiyohiyo ya upepo. Alikaa tangu 1541 hadi mwanzoni mwa 1542 akiwahudumia wagonjwa hospitalini, akaugua na yeye. Meli yake ilipoondoka ilipita Malindi, katika Kenya ya leo, kabla ya kufika Goa. Imani iliyofika Kagoshima mwaka 1549 ilikuwa imepitia mlangoni petu, na matunda yake ya kwanza, waseminari wa Arima, yakapitia mlango uleule yakirudi kwao.

Wakati wanangoja upepo, hawakujua kwamba nyumbani mambo yanageuka. Watawala wawili kati ya watatu waliowatuma walifariki mwaka huo wa 1587. Julai, wao wakiwa wamefika Goa, Toyotomi Hideyoshi, aliyekuwa akiikusanya Japani yote chini ya mkono wake, alitoa amri mapadre waondoke nchini, kisha akaichukua Nagasaki. Kati ya maswali aliyomtupia mkuu wa Wajesuiti lilikuwamo hili: kwa nini Wareno wananunua Wajapani na kuwapeleka mbali kuwa watumwa? Swali lilitoka kwa mtu katili, lakini lilikuwa swali la haki.

Wanne waliotoka darasa moja

Walifika Nagasaki Julai 1590, wamekuwa wanaume. Pamoja nao ilikuja mashine ya kuchapa vitabu kutoka Ulaya. Mwaka 1591 walimpigia Hideyoshi ala za muziki za Ulaya katika kasri lake la Kyoto, akapendezwa na kuwataka warudie. Amri ya kufukuza mapadre ilikuwa bado haijatekelezwa kwa ukali. Wote wanne wakaingia Shirika la Yesu.

Miaka iliyofuata iliwatenganisha. Tarehe 5 Februari 1597, kwenye kilima cha Nishizaka juu ya bandari ya Nagasaki, Wakristo 26 walisulubiwa: Paulo Miki na wenzake, ambao tunawakumbuka kila tarehe 6 Februari. Walikuwa wametembezwa katika baridi kutoka Kyoto, na mdogo kuliko wote, Ludoviko Ibaraki, alikuwa na miaka 12. Miaka michache baadaye Miguel Chijiwa aliliacha Shirika, akaoa, akahesabiwa miongoni mwa walioasi imani. Watatu waliobaki walipewa daraja ya upadre Nagasaki mwaka 1608. Mancio aliugua akafa mwaka 1612. Mwaka 1614 serikali ya ukoo wa Tokugawa ilipiga Ukristo marufuku nchi nzima, makanisa ya Nagasaki yakabomolewa, na Martinho akapelekwa uhamishoni Macao, alikofia mwaka 1629.

Julian Nakaura alibaki. Kwa karibu miaka 20 alijificha Kyushu, akitembea usiku kutoka nyumba hadi nyumba kuadhimisha Misa na kusikiliza maungamo, na mwishoni miguu haikumbeba tena vizuri. Alikamatwa, na Oktoba 1633 akaning'inizwa kichwa chini ndani ya shimo, pale pale Nishizaka. Mapokeo yanasema aliwaambia waliokuwapo kwamba yeye ndiye Padre Julian aliyefika Roma. Siku ya nne akafa. Novemba 2008, mjini Nagasaki, alitangazwa mwenyeheri pamoja na wafiadini wengine 187.

Katika mateso hayohayo, siku ileile, alikuwapo Cristóvão Ferreira, mkuu wa Wajesuiti nchini Japani, mwalimu na mtu wa heshima. Baada ya saa kama tano alitoa ishara kwamba anaikana imani. Ndiye ambaye mwandishi Mjapani Shusaku Endo alimweka katika riwaya yake maarufu ya mwaka 1966. Sisi tulio katika malezi huwa tunamwona mlezi kama mti wenye mizizi na mwanafunzi kama mche. Kwenye shimo la Nishizaka mambo hayakwenda hivyo, na hatudhani kuna anayeweza kusema kabla ya saa yake yeye angekuwa yupi.

Nyumba tano tano

Padre wa mwisho aliyekuwa bado anawahudumia waamini kwa siri aliuawa mwaka 1644. Tangu hapo hadi 1865 hapakuwa na Misa, kitubio wala mpako wa wagonjwa.

Maisha ya mjini yalipangwa ili Mkristo asipate pa kujificha. Kila familia iliandikishwa katika hekalu la Kibudha. Nyumba ziliwekwa katika vikundi vya tano tano, na mmoja akigunduliwa, wote watano wanaadhibiwa. Wazee wetu wanaokumbuka balozi wa nyumba kumi watapata picha, ila hapa kazi ilikuwa kuchungulia jirani anasali nini. Vibao barabarani vilitangaza zawadi ya fedha kwa mtoa habari, na aliyemtaja padre alilipwa zaidi kuliko aliyemtaja mwamini wa kawaida. Kila mwanzo wa mwaka maofisa walipita mtaa kwa mtaa na daftari la majina, na kila mtu, hata mtoto mchanga kwa kushikwa mguu, alikanyagishwa picha ya Kristo au ya Mama yake. Meli za Ulaya zilifungiwa katika kisiwa kidogo cha kutengenezwa, Dejima, ambako tangu 1641 Waholanzi peke yao waliruhusiwa. Watu wa Nagasaki wakaendelea na soko, sherehe na mahekalu, na mgeni angesema Ukristo umekufa.

Nje kidogo ya mji, katika bonde la Urakami, wakulima walikuwa na mpango wao. Kila kijiji kilikuwa na mzee aliyetunza kalenda, akahesabu siku za Kwaresima, Pasaka na Noeli na kutangaza kimyakimya siku zisizofaa kufanya kazi. Alikuwapo mtu wa maji, ambaye kazi yake ilikuwa kubatiza, na ambaye alipaswa kuyajua maneno ya ubatizo bila kukosea. Alikuwapo pia mjumbe wa kupeleka habari hizo nyumba kwa nyumba. Sala za Kilatini na Kireno walizikariri kwa sikio, baba kwa mwana, mpaka maneno yakabadilika sura. Sanamu ya mungu wa kike wa Kibudha aliyebeba mtoto iliwekwa sebuleni, na wao walijua wanamtazama Maria.

Je, baada ya kukanyaga picha? Walirudi nyumbani wakasali sala ya majuto. Mapema, mwaka 1603, mapadre walikuwa wametoa kijitabu kueleza majuto kamili, yaani jinsi mtu anavyoweza kumrudia Mungu akiwa hana padre wa kumwungamia, akiwa na nia ya kuungama atakapompata. Kijitabu hicho kilinakiliwa kwa mkono na kufichwa kwa vizazi. Mtakayoyasoma darasani juu ya sakramenti ya kitubio, wale wakulima waliyaishi mwaka hadi mwaka wakiwa na matope ya shamba miguuni.

Mapokeo yao yanamtaja pia katekista mmoja, Bastian, aliyewaachia kalenda na ahadi kwamba baada ya vizazi saba mapadre watarudi kwa meli.

Huku kwetu vipo vigango ambavyo masika yakikolea gari la parokia halifiki, na Jumapili baada ya Jumapili katekista ndiye anayeongoza ibada, anayefundisha watoto na kuzika wafu. Sisi tunaosomea upadre tuna tabia ya kuhesabu kwamba kigango "hakikuwa na kitu" siku hiyo. Watu wa Urakami wangetushangaa.

Ijumaa ya Kwaresima, 1865

Japani ilipofunguliwa tena kwa mataifa, Wafaransa walijenga kanisa Oura, mjini Nagasaki, kwa ajili ya wageni, wakaliweka chini ya wale wafiadini 26. Ijumaa tarehe 17 Machi 1865, Padre Bernard Petitjean aliona watu kama 15 wamesimama mlangoni. Akawafungulia, akapiga magoti mbele ya tabernakulo. Mwanamke mmoja akamsogelea, akamnong'oneza kwamba mioyo yao ni sawa na wa kwake, kisha akauliza iko wapi sanamu ya Santa Maria. Walipoiona wakamtambua kwa sababu amembeba Mtoto. Wakamweleza padre kwamba kwao ni siku ya 17 ya msimu wa huzuni, na wakamuuliza kama na yeye anaushika.

Tumehesabu wenyewe. Mwaka 1865 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 1 Machi. Tarehe 17 ilikuwa kweli siku ya 17. Kalenda ya wazee ilikuwa imetembea zaidi ya miaka 200 bila kupotea hata siku moja.

Furaha hiyo iliwagharimu. Marufuku ilikuwa bado hai, na walipoanza kukataa mazishi ya hekaluni, serikali iliwakamata na kuwatawanya watu wa Urakami wapatao 3,400 katika majimbo mbalimbali. Zaidi ya 600 walifia huko kabla marufuku kuondolewa mwaka 1873. Waliorudi, maskini kabisa, walinunua kiwanja cha nyumba ya mkuu wa kijiji, palepale walipokuwa wakikanyagishwa picha, na mwaka 1895 wakaanza kujenga kanisa la matofali, lililotabarukiwa mwaka 1914.

Tarehe 9 Agosti 1945, saa 5:02 asubuhi, bomu la atomu lililokuwa limekusudiwa mji wa Kokura, lakini mawingu yakaukinga, lililipuka angani umbali wa mita kama 500 kutoka kanisa hilo. Ndani mapadre wawili walikuwa wakiungamisha watu waliojiandaa kwa sherehe ya Kupalizwa Mbinguni. Hakuna aliyetoka. Katika mji watu wapatao 74,000 walikufa hadi mwisho wa mwaka, na kati ya Wakatoliki 12,000 wa Urakami walikufa kama 8,500. Hasara hii ilitoka kwa ndege ya taifa lenye Wakristo wengi. Daktari Takashi Nagai, mtaalamu wa eksirei na mwamini wa parokia ile, alirudi nyumbani kwake akakuta mifupa ya mkewe jikoni, na karibu yake rozari iliyoyeyuka. Kengele moja ilifukuliwa kwenye kifusi ikiwa nzima, ikapigwa mkesha wa Noeli mwaka uleule. Kanisa lilijengwa upya mwaka 1959, na kengele ya mnara wa pili ilipatikana kwa mchango wa Wakatoliki wa Marekani; ilisikika pamoja na ile ya zamani tarehe 9 Agosti 2025.

Bado tuna deni la Miguel Chijiwa, yule wa nne. Katika mkoa wa Nagasaki, mahali paitwapo Isahaya, kuna kaburi linaloaminiwa kuwa lake na la mkewe. Katika miaka ya karibuni watafiti wamelichimba kwa uangalifu. Ndani wamekuta, pamoja na mabaki machache, shanga ndogo za kioo zilizotobolewa, zinazodhaniwa kuwa za rozari.